SOMO LA KUMI NA MBILI: RAIS MPYA, RELI NA BARABARA



Tuseme wewe ni mama mwenye kibanda cha chai kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Labda uko Maungu, labda Mtito Andei, labda Sultan Hamud. Kila usiku malori husimama mbele ya kibanda chako. Madereva na utingo wao hushuka, hunywa chai, hula chapati kwa maharagwe, kisha huendelea na safari. Kijana wako anaziba pancha karibu na hapo. Dada yako ana nyumba ya kulala wageni yenye vyumba vinne.

Siku moja malori yanapungua. Wiki inayofuata yanapungua tena. Unga ulionunua unakaa mpaka unaingia wadudu. Vyumba vya dada yako vinalala vitupu. Hakuna vita, mvua imenyesha vizuri, na barabara haikuvunjika. Lililotokea ni kwamba karatasi moja ilitiwa sahihi ofisini, mbali na kibanda chako.

Halafu nchi inapata Rais mpya. Siku ile ile ya kuapishwa, Rais anatangaza kwamba karatasi ile itaondolewa. Watu wanashangilia. Dada yako anakujia na kusema, "Sasa malori yatarudi. Nataka kukopa kwenye chama chetu niongeze vyumba viwili. Unanishauri nini?"

Usimjibu upesi. Soma somo hili kwanza, kisha utamjibu.

MANENO YA KUJUA

Miundombinu: vitu vinavyojengwa ili watu, mizigo na huduma zipite. Barabara, reli, bandari, madaraja, mabomba ya maji na nyaya za umeme ni miundombinu.

Agizo: neno la mkubwa wa serikali linalowaambia watumishi wafanye nini. Agizo laweza kutolewa kwa siku moja.

Sheria: kanuni iliyopitishwa na Bunge. Sheria haiondoki mpaka Bunge liibadilishe, au mahakama iseme kwamba inapingana na Katiba.

Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na pande mbili. Upande mmoja ukivunja mkataba, upande wa pili waweza kudai.

Ushawishi: kazi ya kumwendea kiongozi na kumweleza haja zako, ili akate shauri kwa namna inayokufaa.

Bandari kavu: kituo kilichoko bara ambako makontena hupokewa, hukaguliwa na kulipiwa ushuru, kama inavyofanywa bandarini.

Yarudie maneno haya mara mbili. Maneno matatu kati ya hayo, yaani agizo, sheria na mkataba, ndiyo ufunguo wa somo hili.

NJIA MBILI ZA KUTOKA MOMBASA

Mizigo mingi ya Kenya inayotoka ng'ambo hushukia bandari ya Mombasa. Mizigo mingi ya Uganda, na sehemu ya mizigo ya Rwanda, Sudan Kusini na Congo, hupita hapo pia. Kutoka Mombasa, kontena laweza kwenda bara kwa lori au kwa treni.

Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Upana wake ni meta moja kati ya chuma na chuma. Miaka mingi baadaye reli hiyo ilichakaa, treni zikawa chache na za polepole, na mizigo ikahamia barabarani. Hapo ndipo miji midogo ya kando ya barabara ilipopata uhai. Lori moja hubeba kontena moja kubwa au mawili madogo. Kwa hiyo makontena mia huhitaji malori mengi, madereva wengi, na vikombe vingi vya chai.

Kisha serikali ikakata shauri kujenga reli mpya iliyo pana zaidi, ambayo watu wanaiita SGR. Mapatano ya kwanza na kampuni ya Kichina yalifanywa mwaka 2009, wakati Rais alipokuwa Mwai Kibaki. Kazi ilizinduliwa Novemba 2013, na wakati huo Rais alikuwa Uhuru Kenyatta. Treni za abiria zilianza Juni 2017, na treni za mizigo zikaanza Januari 2018. Oktoba 2019 reli ilifika Suswa, upande wa Naivasha.

Hapa pana jambo la kwanza la kukumbuka. Mwaka 2013 Rais alibadilika, lakini reli haikusimama. Mpango wa Rais mmoja ulipokewa na Rais wa pili, akaujenga. Kwa hiyo si kweli kwamba kila Rais mpya hutupa kazi ya aliyemtangulia. Kazi ambayo mapatano yake yamekwisha andikwa, na ambayo serikali mpya nayo inaitaka, huendelea.

RELI ILIJENGWA KWA MKOPO

Sehemu ya Mombasa mpaka Nairobi iligharimu kiasi cha shilingi bilioni 327. Sehemu kubwa ya fedha hizo zilikopwa kutoka Benki ya Exim ya China. Mkopo ni mkopo. Wewe ukikopa kwenye chama, huwezi kusema, "Mwenyekiti amebadilika, kwa hiyo silipi." Nchi nayo ni vivyo hivyo. Rais huondoka, deni hubaki na nchi.

Kulikuwa na tozo pia. Tangu mwaka 2013 bidhaa nyingi zinazoingizwa nchini zilitozwa fedha za kuendeleza reli. Hapo mwanzo tozo ilikuwa asilimia moja na nusu, yaani shilingi 1 na senti 50 katika kila shilingi 100 za thamani ya bidhaa. Mfanyabiashara hulipa bandarini, kisha huongeza bei dukani. Hivyo hata wewe ambaye hujapanda treni ile, umeichangia kila uliponunua kitu kilichotoka ng'ambo.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo kiini cha mambo. Ili mkopo ulipike, ilibidi reli ipate mizigo. Kwa hiyo mwaka 2014 yalifanywa mapatano kati ya mamlaka ya bandari na shirika la reli. Bandari iliahidi kuipa reli mizigo ya kiasi fulani kila mwaka. Mizigo ikipungua, bandari italipa fedha za upungufu huo.

Je, umeona? Treni ilipokuwa bado haijaanza kutembea, mizigo yake ilikuwa imekwisha ahidiwa. Na mizigo hiyo ilikuwa ikichukuliwa na nani? Ilikuwa ikichukuliwa na malori, yale yanayosimama mbele ya kibanda chako. Karatasi ya mwaka 2014 ndiyo iliyoleta karatasi ya baadaye.

AGIZO NA MALALAMIKO

Treni za mizigo zilipoanza, serikali ilizidi kuhimiza makontena yaende kwa reli. Mwaka 2019 lilitolewa agizo kwamba mizigo inayoingia na kupelekwa Nairobi na bara ichukuliwe kwa SGR, na shughuli za forodha zifanyiwe kwenye bandari kavu ya Nairobi.

Wenye malori walilalamika. Wenye yadi za makontena Mombasa walilalamika. Mawakala wa forodha waliona kazi yao inahama. Mombasa kulikuwa na maandamano ya kila Jumatatu. Oktoba 2019 serikali ikatangaza kwamba imelisimamisha agizo hilo.

Jambo lilifika mahakamani. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema kwamba maagizo ya kulazimisha mizigo kwenda kwa reli hayakufuata Katiba, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa kabla ya kutolewa. Hata hivyo mabishano hayakuisha. Wafanyabiashara wengi waliendelea kulalamika kwamba hawana uhuru wa kuchagua njia.

Haki yafaa isemwe pande zote. Reli ina faida zake. Treni moja ya mizigo yaweza kubeba makontena zaidi ya 100 kwa safari moja. Malori yakipungua, barabara hudumu zaidi na hatari ya ajali hupungua. Abiria husafiri kutoka Mombasa mpaka Nairobi mchana mmoja. Ugomvi ulihusu neno "lazima". Mwenye mzigo hakuulizwa anataka njia gani, na watu waliokuwa wakiishi kwa kazi ya barabara hawakuulizwa watakula nini.

SIKU YA RAIS MPYA

Uchaguzi mkuu ulifanywa Agosti 9, 2022. Kwenye kampeni za pwani, habari ya kurudisha kazi za bandari ilisemwa sana. William Ruto alishinda. Kumbuka kwamba yeye alikuwa Naibu wa Rais tangu mwaka 2013, kwa hiyo reli ilijengwa akiwa ndani ya serikali.

Aliapishwa Septemba 13, 2022, katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Katika hotuba yake siku hiyo alisema kwamba atatoa agizo ili shughuli za kutoa mizigo zirudi bandari ya Mombasa. Alisema jambo hilo litarudisha maelfu ya kazi Mombasa.

Kwa nini jambo hili lilifanywa siku ya kwanza, na mengine yakangoja? Tumia ufunguo wetu.

Kwanza, lilikuwa agizo. Halikuhitaji Bunge kukaa. Lililofungwa kwa agizo hufunguliwa kwa agizo.

Pili, halikuhitaji fedha. Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya huanza Julai 1. Rais aliyeapishwa Septemba alikuta bajeti imekwisha pitishwa wakati wa aliyemtangulia. Kwa hiyo hakuweza kujenga barabara mpya siku ile, lakini aliweza kutoa agizo.

Tatu, kulikuwa na watu waliokuwa wameandaa maneno yao kwa miaka. Haja yao ilijulikana, sababu zao zilikuwa zimeandikwa, na mahakama ilikuwa imekwisha sema. Rais mpya hakuanza kutafuta la kufanya. Alilikuta tayari mezani.

LILILOBADILIKA NA LISILOBADILIKA

Lililobadilika ni lile la "lazima". Mwenye mzigo akapata nafasi ya kuchagua mahali pa kutolea mzigo wake na njia ya kuusafirisha.

Reli haikufa. Mwaka 2023 treni za SGR zilibeba zaidi ya tani milioni 6 za mizigo. Wako wafanyabiashara wanaoipenda reli kwa sababu zao wenyewe. Kwa hiyo malori yote hayakurudi barabarani, na wewe usihesabu kana kwamba yamerudi yote.

Deni halikubadilika. Novemba 2022 serikali mpya ilionyesha hadharani baadhi ya karatasi za mkataba wa mkopo wa reli, ambazo watu walikuwa wakizidai kwa muda mrefu. Lakini kuonyesha mkataba si kuufuta. Deni lazima lilipwe, na serikali yenye deni la reli itatamani siku zote reli ipate mizigo.

Barabara nazo zina mfano wake. Serikali mpya ilikuta makandarasi wanadai fedha nyingi kwa kazi walizofanya, na mahali pengi lami ilisimama njiani. Makandarasi wana vyama vyao, nao walidai kwa sauti. Mwaka 2024 tozo ya kutunza barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 2025 serikali ilianza kutumia shilingi 7 katika hizo kulipia madeni ya makandarasi. Anayelipa tozo hiyo ni nani? Ni mwenye matatu, ambaye huongeza nauli. Ni mwenye lori, ambaye huongeza bei ya kubeba sukari. Mwisho ni wewe.

Basi shika maneno haya matatu. Agizo laweza kubadilika kwa siku moja. Sheria hubadilika Bungeni. Deni hungoja kulipwa.

WENYE BIASHARA WANAVYOSIKILIZWA

Katika darasa moja nililotembelea, mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hawa wenye malori walimwonaje Rais? Sisi hata mwakilishi wadi hatumpati kwa simu."

Nilimjibu, "Mama, hawakwenda mmoja mmoja."

Hilo ndilo jibu. Wenye malori wana chama chao cha nchi nzima. Chama kina ofisi, kina watu wa kuandika barua, na kina hesabu. Kiongozi akiuliza, "Mtapoteza nini?" chama hujibu kwa tarakimu. Wenye yadi za makontena wana chama. Mawakala wa forodha wana chama. Upande wa reli nao una watu wake: shirika la reli, kampuni zinazojenga, na benki iliyokopesha. Wote hawa hufanya ushawishi.

Tena wanajua majira, kama mkulima anavyojua majira ya kupanda. Kabla ya uchaguzi huwaendea wagombea wote, ili ahadi iandikwe katika ilani ya chama chochote kitakachoshinda. Baada ya uchaguzi huwaendea mawaziri wapya na wakubwa wapya wa bandari na reli. Kabla ya bajeti huandika maoni yao juu ya kodi na tozo. Uchaguzi ukija tena, huanza upya.

Je, ushawishi ni kosa? La. Kueleza haja yako kwa kiongozi ni haki. Ushawishi huwa kosa pale bahasha inapopita chini ya meza. Hiyo ni hongo, na sheria inaikataza. Lakini hata bila hongo kuna hatari. Kiongozi akimsikia mtu mmoja tu kila siku, mwisho huamini kwamba nchi nzima inataka anayoyataka mtu huyo.

Sasa itazame orodha yetu: wenye malori, wenye yadi, mawakala, shirika la reli, wajenzi, benki. Mwenye kibanda cha chai yuko wapi? Mziba pancha yuko wapi? Mkulima ambaye shamba lake lilikatwa na reli yuko wapi?

Labda utasema, "Wenye malori walitusemea." Ni kweli, safari hii haja yao na yako zilikwenda njia moja. Lakini haziendi njia moja siku zote. Kuna sheria ya Afrika Mashariki inayozuia lori lisizidi tani 56 pamoja na mzigo wake. Mwenye lori aweza kutamani uzito uongezwe, apate faida zaidi kwa safari moja. Wewe unataka barabara isivunjike na watoto wavuke salama kwenda shule. Hapo wenye malori hawatakusemea. Utajisemea mwenyewe, au utanyamaza.

WEWE UFANYE NINI?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakupa njia. Zijue.

Kifungu cha 10 kinasema kwamba ushirikishwaji wa wananchi ni mojawapo ya misingi ya utawala. Ni kwa sababu ya msingi huo mahakama ya Mombasa iliyakataa maagizo ya reli.

Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Waweza kuuliza kwa barua, "Barabara hii inajengwa na nani, kwa fedha kiasi gani, na itakwisha lini?"

Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, na kupeleka maombi kwa wakubwa wa serikali. Kifungu cha 119 kinakupa haki ya kupeleka ombi Bungeni.

Kifungu cha 135 kinasema kwamba uamuzi wa Rais katika kazi yake sharti uandikwe, uwe na muhuri na sahihi yake. Kwa hiyo ukisikia neno jema kwenye mkutano wa hadhara, furahi, kisha uliza, "Limeandikwa wapi?"

Ziko pia tarehe za kukumbuka. Makadirio ya matumizi ya serikali hupelekwa Bungeni kabla ya mwezi wa Aprili kwisha. Mei na Juni ni miezi ya kutoa maoni, kwa maana Julai 1 mwaka mpya wa fedha huanza. Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Anayekuja Septemba kuomba barabara amechelewa mwaka mzima.

Fanyeni hivi kijijini kwenu:

1. Undeni kikundi. Watu kumi wenye daftari moja husikilizwa kuliko watu mia wanaopiga kelele na kutawanyika.

2. Hesabuni. Kwa wiki moja, andikeni malori mangapi yanasimama, vikombe vingapi vinauzwa, vyumba vingapi vinalala watu. Hizo ndizo tarakimu zenu.

3. Mkubaliane juu ya haja moja. Anayeomba mambo kumi hupewa ahadi kumi.

4. Andikeni barua, mtie sahihi wote, na mweke nakala. Mtakapoipeleka, ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe.

5. Wagombea wakija kuomba kura, msomeeni kila mmoja barua ile ile. Yeyote atakayeshinda, atakuwa amekwisha isikia.

BARUA YA MFANO

Isome barua hii, kisha uiandike upya kwa haja ya kijiji chako.

Kikundi cha Wafanyabiashara wa Barabarani,
(jina la kijiji),
(tarehe).

Kwa Mbunge wetu,

KUH: MABADILIKO YA NJIA ZA MIZIGO

Sisi ni wafanyabiashara wadogo 34 wa kando ya barabara kuu. Tunauza chai na chakula, tunaziba pancha, na tunalaza wageni. Kwa wiki moja tulihesabu malori yaliyosimama hapa kwetu. Hesabu yetu tumeiambatanisha.

Hatupingi reli. Tunaomba jambo moja. Kabla serikali haijabadilisha tena njia za mizigo, tuitwe tutoe maoni yetu, kama Katiba inavyotaka katika kifungu cha 10.

Tafadhali tujibu kwa barua.

Sisi wako,
(sahihi za wanakikundi wote)

TURUDI KWA DADA YAKO

Dada yako bado anangoja jibu. Anataka kukopa aongeze vyumba viwili. Utamwambia nini?

Usimwambie, "Rais amesema, kwa hiyo kopa." Wala usimwambie, "Wanasiasa ni waongo, kwa hiyo kaa." Mwambie mpige hesabu pamoja.

Mwambie hivi: "Dada yangu, malori yamerudi kwa agizo. Agizo lililoletwa kwa siku moja laweza kuondolewa kwa siku moja. Deni la reli lipo bado, na siku moja serikali hii au nyingine itaitafutia reli mizigo tena. Kwa hiyo kopa kiasi ambacho utaweza kulipa hata malori yakipungua nusu. Kama vyumba viwili ni vingi, anza na kimoja. Na kabla ya kununua mabati, njoo Alhamisi kwenye kikundi utie sahihi barua yetu."

Marais watakuja na wataondoka, kwa maana Katiba haimruhusu Rais kuzidi vipindi viwili vya miaka mitano. Reli itabaki, barabara itabaki, na wewe utabaki kando yake. Anayebaki ndiye anayepaswa kuyajua mambo haya kuliko wote.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya agizo, sheria na mkataba. Toa mfano mmoja wa kila kimoja.

2. Kwa nini serikali ilitaka mizigo mingi ipite kwa reli? Taja mapatano ya mwaka 2014.

3. Mwaka 2013 Rais alibadilika na reli ikaendelea. Mwaka 2022 Rais alibadilika na agizo la mizigo likaondolewa. Kwa nini mambo haya mawili hayakufanana?

4. Mahakama Kuu ya Mombasa ilitoa sababu gani mwaka 2020?

5. Ushawishi na hongo vinatofautianaje?

6. Piga hesabu: mfanyabiashara ameingiza bidhaa za shilingi 200,000. Tuseme tozo ya reli ni asilimia moja na nusu, kama ilivyokuwa hapo mwanzo. Atalipa shilingi ngapi?

KAZI YA KIKUNDI

Jigaweni makundi manne: wenye malori, shirika la reli, wenye vibanda, na wakulima waliokatiwa mashamba. Mtu mmoja awe waziri mpya. Kila kundi lipewe dakika tano kumweleza waziri haja yake, kwa sababu na kwa tarakimu. Kisha waziri akate shauri na aeleze kwa nini. Mkimaliza, jadilianeni: ni kundi gani lilisikilizwa zaidi, na lilisikilizwa kwa nini?

(Jibu la swali la 6: shilingi 3,000.)